Bati Limetangulia Msingi

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu anayelikuta limejaa hudhani ni la umma. Nililipigilia mwenyewe kwa mbao za kreti, nikaliweka mbele ya kibanda changu cha kushona viatu ili mteja apate pa kukaa wakati soli inashika gundi. Wateja hukaa kidogo. Wanaokaa sana ni wawili: Breki, aliyeendesha basi miaka thelathini na sasa anaendesha maneno, na Waya, fundi wa simu na kompyuta wa kibanda cha pili, ambaye anadai kwake kuna joto. Jumamosi hiyo saa nane ilikuwa haijagonga na chupa ya kahawa ilikuwa bado nusu alipokuja Masjala, kompyuta kaikumbatia kwa mikono miwili. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiko anakofanya kazi, kwenye chumba cha mafaili cha ofisi moja kubwa, na kwa sababu hawezi kukaa karibu na kitu bila kukipanga. Waya alipokuwa akiifungua hiyo kompyuta, Masjala alishavipanga viatu vya wateja wangu kwa ukubwa, kuanzia vya watoto. Mimi huvipanga kwa siku ya kuchukuliwa. Nilimfokea akaacha, lakini alikuwa amebakiza jozi mbili tu.

Shida yake ilihitaji maelezo. Mkewe ni nesi, amehamishiwa hospitali ya mbali, likizo anapata kila baada ya miezi mitatu. Nyumba yao ya kweli imesimama kwenye lenta, haijaezekwa, mwaka wa nne huu. Basi mama wa watu akatafuta mchezo wa kompyuta wa kujenga kijiji, akaijenga humo nyumba ile ile wanayoitaka, na kila Jumamosi saa kumi jioni wanakutana humo, yeye kwenye chumba chake huko aliko na mumewe hapa. Wanamwagilia maua, wanabishana rangi ya mlango. Mchezo wenyewe ulivyotoka dukani ni mkavu, kwa hiyo mke akaupachikia nyongeza sitini na nne zilizotengenezwa na wachezaji wengine, ambazo wenyewe wanaziita modi. Moja inaleta madirisha, nyingine taa, nyingine inafanya mvua isikike kwenye bati. Zote akazipa majina ya Kiswahili ili mumewe asipotee.

— Jana mchana ilikuwa nzima, Masjala akasema. Leo asubuhi nimefungua, tazameni.

Tukatazama. Bati lilikuwa hewani peke yake, chini yake hakuna hata nguzo. Kitanda kilikuwa nje kinanyeshewa. Mlango wa mbele ulikuwa umesimama katikati ya kisima.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, Breki akasema, macho kwenye lile bati.

Breki hutumia methali kama alivyokuwa akitumia honi, ilimradi ilie. Waya hakumjali. Aliuliza maswali yake kama daktari, na Masjala akamjibu kama karani.

— Umeongeza modi yoyote?

— Sijaongeza.

— Umetoa?

— Sijatoa hata moja. Zilikuwapo sitini na nne, zipo sitini na nne.

— Baada ya kuona hivi, ulihifadhi mchezo?

— Mimi sigongi mhuri kwenye kitu sijakielewa.

Waya alimsifu kwa hilo. Alisema ukihifadhi mchezo ukiwa umevurugika, uharibifu unaandikwa ndani na hautoki tena, lakini usipohifadhi, nyumba bado ipo, ila haijui namna ya kusimama. Kisha akatueleza kanuni. Modi haziingii kwenye mchezo kwa mkupuo, zinaingia kwa foleni. Mbili zikigombea kitu kimoja, iliyoingia nyuma ndiyo inayoshinda. Na nyingine haiwezi kukaa mpaka mwenziwe atangulie. Mimi nilimwelewa haraka, maana hata kiatu ni hivyo, ukipaka rangi kabla ya gundi, soli haishiki. Masjala alianza kuvigeuza vikombe vya kahawa ili mikono yote ielekee upande mmoja.

— Fahali wawili hawakai zizi moja, Breki akasema. Tafuta fahali, mtoe.

Ilikuwa methali yake ya kwanza kukaa mahali pake mwaka huo, na ndivyo Waya alivyofanya. Alizima modi thelathini na mbili, akaziacha thelathini na mbili, ili aone ugonjwa uko nusu ipi. Mchezo ukagoma hata kufunguka. Akabadilisha, akazima zile nyingine. Ukafunguka, lakini nyumba haikuwa na madirisha wala dari, na kitanda kilikuwa kimehamia juu ya mti. Akagawa tena nusu kwa nusu, mara ya tatu, mara ya nne, akiandika kwenye kiganja chake. Kila modi aliyoipima peke yake ilikuwa nzima. Zikikaa pamoja ndipo balaa.

— Basi ongeza nyingine, Breki akashauri. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sitini na nne hazitoshi? Waya akauliza.

— Basi ni umeme. Mashine inapokea umeme wa huku, ya shemeji inapokea wa kule. Umeme hauna lafudhi moja.

Waya alimwambia anywe kahawa. Breki akanywa, na kahawa ikampa nadharia ya pili: mchezo unajua mwenye nyumba hayupo, kama basi linavyojua dereva mgeni, linakataa gia. Nikamwuliza mbona jana haukukataa. Akasema jana ulikuwa unamvumilia. Nadharia ya tatu ilikuwa kwamba kompyuta ya kule inavuta vitu vya huku kupitia mtandao, kimoja kimoja, ilianza na kuta kwa sababu ndizo nzito.

— Inavuta inapeleka wapi? Waya akauliza.

— Si kule aliko shemeji. Breki akaona wazo lake lina njia mbele, akakanyaga mafuta. Sikiliza. Labda hakuna kilichoharibika. Labda shemeji kahama. Kavunja kwa mkono wake, kachukua kuta zake, kaenda kujenga kijiji kingine. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Masjala alikuwa ameshika kikombe na hakukinywa wala kukiweka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomewa barua aliyokuwa akiingoja siku nyingi. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia Breki kuliko siku zote, ingawa najua hana ubaya, ana mdomo tu.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, mguu mmoja na kiatu, mwingine na kandambili. Alikuja kuchukua kiatu cha kushoto nilichombadilishia kisigino. Nikatafuta kwenye fungu la Jumamosi, hakipo. Nikamwomba akae. Akakaa kati ya Breki na Waya, nami nikapiga magoti kukisaka kiatu cha watu kwenye kibanda changu mwenyewe.

Waya alikuwa amefungua orodha ya modi, anaisoma kwa sauti ili Masjala amtajie kazi ya kila moja.

— Amani. Bafu. Bati. Bustani. Dari. Dirisha. Fanicha...

— Samahani, yule mama akasema. Hiyo ni rejista ya shule?

— Ni mchezo, mama.

— Nauliza kwa sababu imepangwa kwa herufi. Mchezo wenyewe ndio uliokuja hivyo?

Waya akashuka na kidole chake kwenye kioo. Kuta. Lango. Maji. Mlango. Msingi. Alikaa na kidole pale kwenye Msingi, wa ishirini na tisa, kisha akapanda nacho polepole mpaka kwenye Bati, la tatu. Akamgeukia Masjala.

— Kaka.

— Nimesema sijaongeza na sijatoa, Masjala akasema. Ni kweli. Nilipanga tu. Jana jioni.

Sasa mambo yote yakawa wazi. Bati lilikuwa limetangulia msingi, kwa hiyo likaning'inia hewani linangoja kuta. Mlango uliingia baada ya kisima, ukakishinda. Waya akauliza hiyo Amani ni modi ya nini. Masjala akajibu, sauti ndogo, kwamba Dirisha na Taa zilikuwa zinagombea ukuta mmoja, ndipo mkewe akatafuta modi ya tatu ya kuzipatanisha, akaiita Amani. Kwa alfabeti ya Masjala, Amani imekuwa ya kwanza. Mpatanishi kafika kabla ya ugomvi, kakuta hakuna mtu, kaondoka zake. Wenyewe wamekuja nyuma wakapigana.

— Rahisi, Waya akasema. Turudishe ilivyokuwa. Nakala ya orodha ya zamani iko wapi?

Huyu ni mtu ambaye akiandika barua ya kuomba ruhusa ya siku moja anatoa nakala tatu. Akatazama chini.

— Sina. Niliona haina mpangilio. Kitu kisicho na mpangilio unakinakili vipi?

— Basi shemeji anayo. Kompyuta yake inaingia kijiji hicho hicho, orodha ni ile ile. Mpigie akusomee.

Masjala alisema hawezi. Tukambana, na akatueleza kwa nini. Likizo iliyopita mkewe alirudi akakuta jiko lake limepangwa, makopo yote kwa herufi, kila kopo na lebo. Chumvi, ambayo miaka yote ilikaa pembeni ya jiko, ilikuwa imepelekwa rafu ya juu kabisa.

— Alipika siku tatu bila chumvi. Siku ya tatu nikauliza. Akaniambia, iko kati ya chai na dengu, panda stuli. Halafu akasema, jiko umenipangia, kabati umenipangia, barua za mama yangu umezitoboa matundu ukazitia kwenye faili. Kile kijiji ni changu. Usikiguse. Nikaapa kwamba sitakigusa.

— Na ukakigusa, nikasema kutoka chini nilikopiga magoti.

— Ilikuwa jioni, niko peke yangu. Nikaifungua ile orodha, nikaona Msingi, halafu Kuta, halafu Amani iko mwisho kabisa. Mkono ulienda wenyewe. Saa kumi ataingia kupitia kompyuta hii, atakuta kitanda chake kinanyeshewa.

Alikiweka kikombe chini, mkono umeelekea upande wa vingine.

— Akikuta vile, safari hii hatapika bila chumvi. Hatarudi.

Ndiyo ilikuwa hofu yake, na alikuwa ameisema. Nilikiona kile kiatu wakati huo huo. Kilikuwa mwisho wa safu ya watoto, maana yule mama ana mguu mdogo. Nikampa, nikamwomba radhi, nikamwonyesha kwa kidevu nani aliyekihamisha. Alikivaa, akasimama, akakijaribu kisigino mara mbili chini. Kisha akamtazama Masjala bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza njia.

— Kwani kabla hujaipanga, ilikuwa na shida gani?

Waya alirudi kutazama kiganja chake kilichojaa tarakimu. Breki, ambaye ana methali ya kila kitu hadi ya matairi, alikaa anatafuta na hakupata. Nikainamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe cha Masjala ili angalau pawe na jambo la kufanya, yakadondoka matone mawili. Yule mama alinilipa, akaaga, akaenda zake.

Masjala alisimama na simu yake, akaenda mpaka kwenye kona ya kibanda. Tulijifanya hatusikii.

— Mke wangu, akasema. Nimepanga.

Breki alitaka kukohoa nikamkanyaga mguu. Kisha Masjala akarudi, simu kaibana kwa bega, akanyoosha mkono kwangu. Nilimpa penseli yangu ya kuchorea soli na kifuniko cha boksi la viatu. Akaandika: moja, Msingi. Mbili, Kuta. Aliandika robo saa nzima bila kuinua kichwa, na mara moja tu alijaribu kusema neno, kwamba Maji na Mabomba si yangekaa pamoja, akanyamazishwa huko huko, akaandika alivyoambiwa. Sitini na nne ilikuwa Amani. Nilidhani amemaliza, lakini simu bado ilikuwa sikioni, naye alikuwa anaitikia, ndiyo, ndiyo, nimesikia, na penseli ikasogea tena.

Waya alichukua kile kifuniko, akazipanga modi moja moja kama kilivyosema, akaufungua mchezo. Msingi ulikuwapo. Kuta zikasimama, bati likakaa juu yake, kitanda kikawa ndani na dirishani kukawa na taa. Mlango ulikuwa wa kijani. Breki alisema yeye tangu mwanzo alijua ni foleni. Hatukumbishia.

— Hii ya sitini na tano mbona haimo kwenye kompyuta? Waya akauliza, kifuniko mkononi.

Nikachungulia. Kwa mwandiko ule ule wa masjala, ulionyooka, ilikuwa imeandikwa: Chumvi, pembeni ya jiko.

— Hiyo si yako, nikamwambia.

Masjala alikitia kifuniko kwapani, akabeba kompyuta yake. Saa tisa na nusu ilikuwa haijafika na kwake si mbali, Breki akamwambia akae kidogo, tutachanga kahawa nyingine. Akasema hapana. Ana kazi jikoni kabla ya saa kumi.