Mzee Kapi na Kamba ya Shemeji

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya boti, anastaafu fundi wetu wa kamba na kapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, ambaye sote tunamwita Mzee Kapi. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nimekuwa msaidizi wake kwa miaka tisa. Hadi juzi nilidhani najua cha kuandika.

Alianza kwa kushona matanga, akahamia kwenye milingoti, kisha akabobea katika kazi moja: kufunga kamba za kuinulia kile kiboti cha mpira ambacho boti ya tanga ya safari ndefu hukibeba. Kiboti hutolewa majini na kulazwa juu ya sitaha bila kukwaruza rangi. Amezifunga kwenye boti zaidi ya mia mbili, na hakuna kiboti kilichoanguka.

Kamba zake hazikuwa na namba, zilikuwa na ukoo. Inayobeba mzigo kutoka mlingotini ni Baba. Ya mbele ni Mama Mkwe: usimvute kwa nguvu, wala usimwache alegee. Za nyuma ni Mapacha. Ukimpa mmoja, sharti umpe na mwenzake. Siku moja alipiga kelele kwamba Mama Mkwe amekwama, mteja akaacha chai yake, akachomekea shati na kukimbilia getini.

Ya tano ni Shemeji, na huyo alikuwa wangu. Nilikabidhiwa siku yangu ya pili kazini, nikasimamishwa nyuma ya boti kando ya reli, ule uzio wa chuma wa ukingoni, nikaagizwa nisimwachie hata nikiumwa na nyuki. Miaka tisa nimemvuta mpaka viganja vikaota sugu, na nyumbani nikajisifu kwamba bila mimi hakiinuki kitu.

Jumatatu ijayo nitainua kiboti bila Mzee Kapi, kwa hiyo Jumanne hii nilifanya mazoezi huku akiniangalia kutoka gatini, mikono mfukoni. Nilimsahau Shemeji. Kiboti kikapanda, kikatulia, kikalala mahali pake. Nikaifuata ile kamba: inapita nyuma ya mlingoti na kuishia kwenye reli ileile, imefungwa fundo zuri sana. Haibebi kitu.

Nilichanganyikiwa, na bado nimechanganyikiwa. Nicheke au ninune? Nilipomuuliza, alinikumbusha siku yangu ya kwanza, nilipokimbilia chini ya mzigo unaoning'inia ili niokote kofia. Mtu mwenye kamba mkononi, alisema, hakimbilii kofia. Tangu hapo naziangalia sugu zangu na sijui niziite nini.

Ahsante, Mzee Kapi. Wenzako wote tunakutakia mapumziko mema, wewe na mama watoto na wajukuu. Ila Jumatatu usikawie kuamka. Saa tatu nainua, na ninaogopa, na ninakujua: mzigo ukiyumba tu, utaukimbilia. Shemeji nimeshamfunga kwenye reli. Njoo umshike.