Siku Wakubwa Walipojifunika Blanketi Letu

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa idara, wageni waalikwa, mume wangu mpenzi uliyevaa suti ya harusi yetu nayo ikakubali kufunga kifungo kimoja, na ninyi wenzangu wa karakana ya pindo, ambao kwa itifaki mmewekwa nyuma lakini kwa vigelegele mmeshatangulia: hamjambo?

Nimeambiwa niseme maneno machache. Tangu nilipoingia kiwanda hiki cha mablanketi nikiwa msichana, nimezoea kuambiwa maneno machache: "Harakisha." "Ngoja." "Tutaliangalia." Kwa hiyo leo, siku yangu ya kustaafu, mtanivumilia.

Mnaniita Shangazi, na shangazi ana ruhusa ya kusema mbele za watu. Tulipita miaka mibaya hapa. Mablanketi yetu, ambayo zamani watu waliyagombania madukani, yakaanza kurudishwa. Wakubwa wa wakati ule wakafanya nini? Wakapaka geti rangi. Wakabadilisha nembo. Wakatuitia semina ya furaha kazini, kijana mmoja mchangamfu akatufundisha kutabasamu, huku mashine zimelala kwa kukosa mikanda. Kisha wakapunguza sufu, blanketi likawa jepesi hivi kwamba ukilitundika dirishani, unamwona jirani na shati alilovaa.

Tulilalamika? Jamani, mpaka koo zikakauka! Malalamiko yalipanda juu kama malalamiko, yakashuka chini yakiwa onyo. Rafiki yangu tuliyemwita Redio, mshonaji hodari na msemaji zaidi, siku moja alivua aproni akailaza juu ya mashine. Akaniambia, "Dada, nimechoka kushona kitu ninachoona haya kumuuzia mtu." Akaenda zake. Nililia chooni, siwafichi. Baada yake wakaondoka wengine, viti vikabaki vitupu.

Ndipo ukaja mkutano mkuu wa mwaka, ndani ya ukumbi huuhuu. Fundi wetu wa umeme akanikuta napanga vikombe. "Shangazi, kiyoyozi nikiweke baridi kiasi gani?"

Nikamtazama. Naye akanitazama.

"Kiasi cha mteja wetu anayeishi mlimani," nikasema.

Haikupita muda, wakubwa wakaanza kusugua viganja. Mkurugenzi wa enzi hizo alikuwa anasoma mafanikio, meno yanagongana. Tukaingia sisi wanawake wa pindo, kwa adabu zote, kila mmoja na blanketi jipya mkononi. "Jifunike, mzee wangu. Karibu, baba, ni la hapahapa kwetu." Wakajifunika. Wakajikunyata. Wengine wakalikunja mara mbili, lakini baridi ikapita tu kama haijaona kitu.

Mama Mwenyekiti, wewe ulikuwa mgeni kwenye bodi. Ulilishika pindo, ukauliza kwa sauti: "Hili ndilo tunalouza?"

Nikajibu mimi. "Ndilo, mama. Na sisi tunaolishona tumeshasema mpaka basi."

Nikarudi kwenye mashine yangu. Kesho yake nikaitwa ofisini. Nikamwambia mume wangu kabisa kwamba nimeshafukuzwa. Kumbe wewe, Mama Mwenyekiti, ulikuwa umenivutia kiti. "Kaa," ukasema. "Anzia mwanzo." Nikaongea mpaka chai yako ikapoa.

Sitawadanganya kwamba tumepona. Karakana mbili bado zina kufuli, na si wote walioondoka wamerudi. Lakini sufu imeongezwa, mikanda imenunuliwa, na Redio, yule pale anayeongea hata sasa, ndiye anayeshika nafasi yangu. Na wewe Ndugu Mkurugenzi wetu wa leo, unashuka karakanani, unauliza, halafu, tumpigieni makofi, unasubiri kujibiwa!

Ninyi vijana mnaobaki, naomba jambo moja. Mkiwa na neno, lisemeni wakati bado mnaipenda kazi. Mkingoja mpaka mmeichukia, hata la kweli litatoka kama tusi.

Kesho asubuhi ninyi mtawahi zamu, mimi nitageukia upande wa pili nilale. Nawashukuru wote, wakubwa kwa wadogo, kwa kunipa masikio yenu mpaka hapa. Sasa twendeni tukale, kabla mtu hajaitisha kikao.