Mama Pindo Anatuachia Benchi Lake

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi kiongozi wa kliniki yetu ya akina mama anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, ila ukiliita koridoni hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe. Huyu ni Mama Pindo, na kama wewe ni mgeni hapa hospitalini na unashangaa jina hilo limetoka wapi, vuta kiti, maana habari ya jina ndiyo habari ya kazi yake.

Alianzia wodi ya mifupa, akiwa binti mwembamba mwenye sauti ya kuamsha jengo zima. Huko alipokea wanawake waliovunjika nyonga kwa mambo madogo ya kushangaza. Mmoja kateleza bafuni, mwingine kajikwaa kwenye zulia la sebuleni kwake, mwingine alikuwa anageuka tu kumwita mjukuu. Wengi walikuwa wamekoma hedhi siku nyingi, na mifupa yao ilikuwa imepungua uzito kidogo kidogo bila kuuma na bila kupiga hodi. Mama Pindo aliwaogesha, aliwageuza, aliwatania mpaka wakacheka na maumivu yao, lakini moyoni alikuwa amekasirika. Alimwambia kila aliyekuwa na masikio kwamba amechoka kukutana na dada zake hawa wakiwa wameshavunjika. Alitaka awakute kabla.

Kisha mama yake mzazi akaanguka jikoni. Nyonga ikavunjika, na yule mama aliyezoea kuzunguka mtaa mzima kusalimia watu akamalizia umri wake kwenye kiti cha dirishani. Miezi michache baadaye Mama Pindo aliomba kuhamia kliniki ya wagonjwa wa nje. Wenzake walidhani amechanganyikiwa, kwani ni nani anayeacha wodi yenye ofisi na feni akaenda kukaa koridoni?

Wakati huo mashine ya kupima uzito wa mifupa ilikuwa moja tu, tena katika hospitali ya rufaa, na foleni yake ilikuwa ya kukatisha tamaa. Sisi tulikuwa tunampeleka yeyote aliyelalamika mgongo, kwa hiyo wasichana wenye magodoro mabovu wakawa wanawatangulia bibi zao. Mama Pindo na daktari wetu wa akina mama walikaa chini wakabishana, wakanywa chai, wakabishana tena, hadi wakaelewana. Mwanamke aliyefika miaka sitini na tano aende kupimwa bila mjadala, awe anaumwa au haumwi. Aliyekoma hedhi lakini hajafika umri huo aulizwe kwanza, kwa sababu wengine hawana haraka na wengine wako hatarini nao hawana habari. Daktari akauliza nani atawauliza wanawake mambo yao ya ndani na wakamjibu ukweli. Kabla hajamaliza, Mama Pindo alikuwa ameshatoka nje kutafuta benchi.

Benchi lenyewe mnalijua, lile la kijani karibu na mlango wa famasi, lenye mguu mmoja unaocheza. Hakuwahi kukaa pembeni yake. Alikaa katikati, bega kwa bega na wagonjwa, akaanza na habari za watoto, akahamia kwa wakwe, na kabla hujashtuka umeshamweleza hedhi yako ilikoma ukiwa na umri gani, kama mama yako alipinda mgongo uzeeni au alivunjika nyonga, kama unavuta sigara kwa kujificha, na zile dawa kali za vidonge za pumu au viungo umezimeza kwa muda gani. Kama uliwahi kuvunjika mkono kwa kuanguka tu ukitembea, hapo angekushika kiganja na kukigeuza kama mama anayekagua kucha za mtoto wa shule.

Swali la mwisho ndilo lililompa jina. Alitaka kujua kama gauni lako la zamani limeanza kuburuza chini. Wanawake walicheka sana. Gauni linaongezekaje, jamani? Naye alieleza kwamba gauni haliongezeki, bali uti wa mgongo ukianza kubonyea, mwenye gauni hupungua kimo na pindo ndilo linalosema kwanza. Mwalimu mmoja mstaafu hakucheka. Alifika kliniki akiwa na hasira na fundi seremala aliyemtengenezea jiko, kwamba amempigilia rafu ya kuwekea sukari juu kupita kiasi na hataki kuirekebisha. Mama Pindo akamuuliza rafu hiyo ina muda gani. Kumbe ilikuwa na miaka tisa, na ile miaka ya mwanzo sukari ilikuwa inafikika vizuri tu. Mwalimu akapelekwa kupimwa siku hiyohiyo, pingili mbili za mgongo zikaonekana zimebonyea, akaanzishiwa dawa. Leo ndiye anayetuletea wenzake, wawili wawili, na fundi seremala ameshaombwa radhi.

Tusidanganyane, hakuwa malaika. Chai yake ilikuwa na sukari ya kukwamisha kijiko. Aliimba kwa sauti iliyowafukuza njiwa dirishani. Akiona tone la maji sakafuni alinyanyua mikono yote miwili na kusimamisha watu kote koridoni, hata mkurugenzi, mpaka pakaushwe. Dada wa usafi alimwita trafiki, na mara nyingine walinuniana hadi saa ya chakula.

Lakini ugomvi wake mkubwa ulikuwa na fundi cherehani wetu, mama anayeshona sare za wauguzi katika chumba kile cha jirani na dobi. Kila sare mpya ikitoka, Mama Pindo aliirudisha akilalamika kwamba ni ndefu, kwamba fundi anamwongezea kitambaa makusudi ili aonekane mtawa. Fundi alinung'unika, akakunja pindo, akarudisha. Sisi tulikuwa tunacheka. Tuliona ni mambo ya mabibi wawili waliozoeana.

Mwezi wa pili mwaka huu, fundi huyo alikuja kliniki kwa shida zake za presha. Mama Pindo hakuwa mtu wa kuacha ugomvi umkoseshe mgonjwa, basi akamkalisha kwenye benchi na kumpitisha kwenye maswali yake yote. Alipofika kwenye lile la gauni, fundi alijibu kwamba lake liko palepale, halina neno. Ila kwa kuwa mwenzake ndiye aliyelianzisha, naye akaomba kueleweshwa jambo moja. Sare ya Mama Pindo anaikata kwa kipimo kilekile cha tangu zamani, wala hajawahi kukibadilisha, na sasa ameshakunja pindo mara tatu. Je, huo ndio ugonjwa wenyewe?

Mama Pindo alitazama pindo la sare yake, kisha miguu yake.

Yote aliyokuwa akiwauliza wenzake alikuwa nayo mwenyewe. Mama yake alivunjika nyonga. Yeye mwenyewe alikoma hedhi mapema, akiwa na miaka arobaini na tatu. Mwili wake ni mwembamba hadi leo, tena alikuwa akitamba kwamba gauni lake la harusi bado linafunga kiunoni. Lakini alikuwa hajafika sitini na tano, kwa hiyo mkumbo wa kwanza ulimwacha, na mkumbo wa pili ulikuwa wa wanaoulizwa. Muulizaji alikuwa yeye. Nani angemuuliza?

Tulimsimamisha kwenye ubao wa kupimia urefu. Akadai ubao umeharibika. Tukaleta mwingine kutoka kliniki ya watoto, wenye picha za twiga, nao ukasema vilevile: amepungua zaidi ya sentimita nne tangu alipoajiriwa. Mashine ikathibitisha kwamba mifupa imekuwa dhaifu, na picha ikaonyesha pingili moja imebonyea. Siku ile koridoni hapakuwa na wimbo, na sisi tuliogopa kweli. Binti yake anaishi ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, amejifungua mapacha, na Mama Pindo alikuwa amekwisha kupanga kwamba akistaafu tu anahamia huko. Alituambia kwa sauti ndogo tusiyoizoea kwamba haogopi kufa, anaogopa kiti cha dirishani.

Kesho yake alirudi kwenye benchi. Akakaa katikati kama kawaida na akaanza kuwasimulia wagonjwa habari zake yeye, na jinsi yeye alivyomsingizia fundi miaka yote hiyo. Hatujawahi kuona wanawake wakijibu maswali kwa bidii namna ile. Kisha akaja kutudai sisi, na akitaka jambo mnamjua. Ndiyo maana sasa kila mwaka wafanyakazi wanawake wa hospitali hii nao wanakalishwa na kuulizwa, kuanzia jikoni hadi uhasibu. Mpishi wetu mkuu amegundulika mapema kwa njia hiyo, na dada wa usafi pia. Huyu wa mwisho alimkumbatia trafiki wake mbele za watu.

Dawa zinaendelea vizuri. Daktari amemruhusu ngazi za ghorofa nne, kwa sharti kwamba mkono mmoja usiachie reli. Amemkataza kuinama na kunyanyua mapacha kutoka sakafuni, na baada ya mabishano marefu wameafikiana kwamba atakaa kwenye kochi na mapacha watampanda wenyewe.

Leo ukumbini, kwenye sherehe ya kumuaga, mtamwona amevaa gauni la zambarau. Limeshonwa na fundi cherehani, bila malipo na bila ugomvi, kwa kipimo kipya alichokichukua mwenyewe kwa mikono yake miwili. Pindo linaishia juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mama Pindo amejigeuza mara mbili mbele ya kioo na hakupata la kulalamikia.

Asante, dada yetu. Asante kwa wote uliowakuta kabla. Nenda kwa mapacha wako, shika reli, imba upendavyo, njiwa wa huko watazoea. Mwakani mwezi kama huu uje na gauni hilohilo la zambarau, ukae katikati ya benchi lako la kijani, na safari hii sisi ndio tutakaouliza. Tunakuombea maisha marefu yenye afya, na pindo lako tulikute palepale.