Tulimjadili Mchungaji wa Ulaya

Kijiwe chetu kiko Masama, chini kidogo ya kanisa, penye benchi la mbao na birika la Doris. Kahawa tunailima wenyewe, tunaiuza, halafu tunainunua kwa Doris kikombe kikombe. Usiniulize kwa nini. Asubuhi ile Mzee Elisaria, mzee wa kanisa, alikaa pembeni. Jumapili mwanawe Martin, ambaye ni mchungaji, alimwambia hataoa, hajawahi kuwatamani wanawake, na amechoka kudanganya. Mzee akamfukuza mbele ya majirani. Kijiji kizima kinajua. Basi sisi, kwa heshima zetu, tukaamua kuwajadili wachungaji wa Ulaya.

— Kule wanabarikiwa kabisa, alianza Lucky, anayepandisha watalii mlimani na kwa hiyo anaijua dunia yote. Mchungaji mwanamume na mwenzake mwanamume, wanaishi nyumba ya kanisa!

— Baridi hiyo, alisema Wenseslaus. Yeye Mkatoliki, tunamwita Roma, na hakuna methali asiyoitumia vibaya. Penye miti hapana wajenzi.

— Baridi gani, Mangi Roma? Mimi nalala kwenye barafu kila wiki, mbona nina watoto wanne?

— Ni maziwa ya pakiti, alidakia Doris. Mtu anakunywa maziwa ya ng'ombe asiyemjua!

— Kosa lenu Walutheri ni kuruhusu wachungaji waoe, alisema Roma. Ukifungua mlango, kila kitu kinaingia.

— Aisee! Kwa hiyo mapadri wenu wasiooa ndio salama? aliuliza Doris.

Roma akaipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mimi nasema ni gitaa la umeme, alisema Lucky. Lilipoingia tu kanisani, mambo yakaharibika.

— Hapo umenena! Mtoto wa nyoka ni nyoka!

Roma akasikia mwenyewe alichosema. Sote tukamtupia jicho Mzee Elisaria, kisha haraka tukageukia barabara. Aibu ilinishika, maana nilikuwa nacheka.

Ndipo akashuka Eliona, mama yake Martin, na jani la isale mkononi, limefungwa fundo. Kwetu Uchagani aliyekukosea akikuletea isale, unasamehe. Hata kama damu ilimwagika, unasamehe.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, alijibu, akitunyooshea jani. Nimelikata alfajiri. Martin yuko Sanya Juu kwa shangazi yake. Isale hupelekwa na aliyekosa. Nyie mmeamka na dini, hebu niambieni: nimpe Martin alilete kwa baba yake, au nimpe baba yake alipeleke kwa Martin?

Lucky akakagua viatu vyake. Doris akafunika birika lililokuwa limefunikwa. Roma akaomba kikombe kingine.

Mzee Elisaria aliweka kikombe chini.

— Huko kwa shangazi yake, aliuliza, anakula?

— Sijui, Baba Martin, alisema Eliona, mkono wenye jani bado ameunyoosha.