Saa Ilikuwa Nzima

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa fundi viatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alisoma hapo hapo mjini hadi kidato cha nne. Masomo hayakumpenda sana, ila kila ugomvi wa mpira wa uani aliamua yeye, na kaka zake wakamtii ingawa walimzidi kimo. Wakambandika jina la Kipenga, likaganda.

Mwaka 1984 aliajiriwa posta kupanga barua, na mwaka 1987 akafuzu uamuzi wa mpira. Alifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1989. Siku hiyo mkewe alimvalisha saa ya mkanda wa ngozi. "Mechi ni dakika tisini," akamwambia. "Ya tisini na moja nakutaka nyumbani." Hakuna mechi aliyochezesha bila saa hiyo.

Ndiyo iliyoleta balaa. Ligi ilipofunga kamera golini, kila mwamuzi alipewa saa nyingine, ya kutetemeka mkononi mpira ukivuka mstari. Kipenga aliidharau. "Mkono mmoja wa kipenga, mmoja wa saa ya mama watoto. Wa tatu nikaazime wapi?" Wenzake wakacheka. Siku ya fainali, tarehe 9 Juni 2018, aliiacha hiyo ya ligi katika chumba cha kubadilishia nguo, ndani ya kiatu. Mpira ukagonga mwamba, ukadundia ndani, ukatoka. Akaashiria mchezo uendelee. Jioni runinga zote zikaonyesha goli, peupe.

Alipoulizwa, alijibu, "Saa haikutetemeka." Fundi wa mitambo ile, ambaye ni mdogo wa mkewe, aliapa kwamba ishara ilitoka. Nani angemsikiliza fundi mbele ya mwamuzi wa miaka thelathini? Fundi akafukuzwa kazi, na mtaani wakamwita Saa Mbovu. Mkewe Kipenga alijua. Yeye ndiye aliyefungua begi akaikuta saa kiatuni, nzima, neno GOLI lingali kwenye kioo. Akanyamaza kuilinda nyumba yake. Kila Jumapili alimmiminia chai ndugu yake wa tumbo moja, na macho yake yakabaki kwenye birika. Aliona aibu, jamani, aibu ya kutafuna.

Figo zilianza kumsumbua marehemu Mei 2024. Mgeni wa kwanza wodini alikuwa fundi, akatengeneza hadi feni iliyogoma juu ya kitanda. Kipenga aligeukia ukutani. Shemeji yake alipoondoka, alilia. "Nimeshindwa, mama watoto. Nikifa, useme mbele za watu. Msinipambe." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, alfajiri.

Wazee wa ukoo walimsihi mjane kwamba marehemu hasemwi. Akawajibu, "Aliye hai amesemwa vya kutosha."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na shemeji yake fundi, ambaye leo asubuhi, kabla watu hawajafika, amefunga vipaza sauti hivi ili hata wa nyuma wasikie. Basi na wasikie: saa ilikuwa nzima, ishara ilitoka, fundi hakukosea. Dada yake anamwomba radhi.

Mungu ampe Kipenga pumziko la amani, na shemeji yake aipate yake angali hai.