Placide Kankolongo, Aliyetembea Laini ya Kolwezi hadi Fungurume

Ndugu, wakwe, majirani, na ninyi mliofuata harufu ya chakula, kaeni. Mimi ni Mignonne, binti wa Valérie, na Valérie ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimepewa mimi kusoma kwa sababu mjukuu ana ruhusa ambayo mtoto hana. Marehemu aliniita mke wake tangu nikiwa natambaa, nami nilimwita bwana yangu, na kwa utani huo desturi inaniruhusu kumtukana mbele ya jeneza lake bila mtu kununa. Desturi hiyohiyo inaturuhusu wajukuu kushika kitu cha mazishi mpaka tupewe tunachotaka. Kwa kawaida tunataka bia. Juzi seremala alipoleta msalaba tuliushika, na Tata Ntumba, mwenyekiti wa kamati ya kilio, akatuletea katoni mbili. Bia tuliinywa. Msalaba hatukuuachia, kwa sababu ya maneno yaliyochomwa juu yake: "Aliongoza watu 41 hadi Fungurume, 1993." Katika mstari huo mmoja mna uongo wa aina mbili, na tutaufikia.

Marehemu Placide Kankolongo alizaliwa tarehe 14 Februari 1938 hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na hakupenda hata siku moja. Marehemu alikuwa wa tatu kati ya watoto saba, na kwa maelezo yake mwenyewe ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Wale sita hawapo tena kubisha.

Alisoma shule ya msingi ya wamisionari hadi mwaka 1952. Alijua kuhesabu, kuandika kwa mwandiko wa kuinama na kusema Kifaransa cha maofisini, na vitu hivyo vitatu alivitumia kudharau watu hadi kufa. Waliopanda baiskeli aliwadharau kwa uvivu, waliopanda lori akasema ni mizigo. Wachoma makaa wa porini, waliomsalimia kila mwezi kwa miaka thelathini, hakuwahi kujua jina la hata mmoja.

Mwaka 1957 kampuni ya madini ilimwajiri katika kikosi cha simu, na mwaka 1963 akapewa kazi aliyoipenda kuliko sisi wote: kutembea laini. Laini hiyo ya simu ilikwenda Fungurume bila kujali barabara. Ilikata pori la miti, ikapanda kwenye dilungu, ule uwanda mpana wa nyasi na mchanga usio na mti wa kujifichia jua, ikashuka tena porini, siku nne za miguu, nguzo elfu moja mia nane na kumi na saba. Kila mwezi alikwenda na kurudi akikagua nyaya na vile vikombe vyeupe vya juu ya nguzo. Kwa hiyo alitembea akitazama juu. Miguu yake ilijaa makovu ya visiki, na bibi yetu alizoea kuipaka dawa kama mtu anayepaka mlango rangi. Akirudi aliandika katika daftari la ofisi herufi tatu, R.A.S., yaani hakuna la kuripoti. Mwaka 1991 mambo yalipoharibika, mishahara ikasimama na watu wakaanza kuiba nyaya ili wauze shaba. Nyaya zote zikaisha. Marehemu aliendelea kwenda kila mwezi kukagua laini isiyokuwa na waya, akarudi na kuandika R.A.S. Wakubwa wake wakatia sahihi. Sijui nani kati yao alikuwa mjinga zaidi.

Tarehe 5 Septemba 1964 alimwoa Ndaya, binti wa miaka kumi na minane, yule mama mnayemwona ameketi chini kwenye mkeka. Walijaliwa watoto sita. Kila Januari Ndaya alimfuata kwenye laini, kumpikia na kutafuta uyoga. Alitembea hatua ishirini nyuma yake, kama mke alivyotakiwa, na kwa kuwa uyoga hauoti angani, alitazama chini. Miaka ishirini na minane alitazama chini. Marehemu alipenda kutuchekesha kwa kusema kwamba Ndaya alijua kila kichuguu cha njia ile na hakujua nguzo hata moja. Tulicheka, maana alisimulia vizuri. Lazima niseme kwamba nilimpenda, nisije nikaonekana mgeni aliyekuja kutukana tu.

Mnaokumbuka mwaka 1993 hamhitaji kuambiwa, na mnaojifanya mmesahau mtasikiliza. Watu wenye asili ya Kasai waliambiwa kwamba mji ambao wamezaliwa ndani yake si wao. Tata Kyungu, ambaye marehemu alimsimamia ndoa yake, alikuja asubuhi na vijana tisa, akatupa muda mpaka saa sita mchana tuwe tumetoka. Godoro lake lilikuwa sebuleni kabla ya saa nne. Tata Kyungu yupo hapa leo, benchi la tatu, amevaa suti nzuri. Karibu, Tata. Ule, ushibe.

Stesheni ya Kolwezi ilikuwa imejaa familia zilizolala chini zikingojea treni ambayo haikuja, na kila siku walizika mtu. Fungurume, watu walisema, treni za kutoka Likasi zinapita kwenda Kasai, na masista wana zahanati. Barabarani vijana walikuwa wameweka vizuizi. Marehemu akasimama mbele ya watu na kusema kwamba yeye ana njia ambayo hakuna mwingine anayeijua. Kwa kosa hilo simlaumu, kwa sababu aliamini. Tata Ntumba, aliyekuwa karani wa mgodi, akaandika orodha ya waliokubali kumfuata: watu arobaini na mmoja. Mimi nilikuwa wa arobaini na moja, nina wiki tano, mgongoni kwa mama yangu. Wa arobaini alikuwa Huguette, mtoto wa mwisho wa marehemu, miaka kumi na moja, ambaye alikuwa tayari na homa.

Waliondoka tarehe 14 Septemba, wakati majani yote yamechomwa na vijito vingi vimekauka. Siku ya kwanza visiki vya nguzo vilionekana bado, maana nguzo zenyewe watu walikuwa wamezikata kuchoma makaa. Siku ya pili moto wa porini ulikuwa umekula hata visiki. Marehemu akafanya alichofanya miaka yote, akatazama juu. Akaona mahali ambapo miti imeachana na anga linaonekana kama barabara, akasema ndiyo laini yetu. Haikuwa laini. Ilikuwa njia iliyokatwa zamani na watu wa kupima madini, iliyonyooka vizuri kabisa kwenda mahali pasipo na kitu. Ndaya alisubiri mpaka watu wamepita kidogo, asimwaibishe, akamsogelea kumkumbusha kijito.

"Baba Valérie, kamuto kenye tunakatiaka ku kushoto tumekapita. Njia inabakia nyuma."

"Miaka makumi tatu mi natembea hii laini," marehemu akamjibu, kwa sauti ya kusikika na wote. "Wewe ulikuyaka kutafuta bowa tu."

Watu walicheka. Tata Ntumba naye alicheka, na ameniruhusu niseme hivyo. Kwa hiyo wakaendelea. Walikutana na wachoma makaa wawili kando ya njia, na marehemu akawapita bila kuwauliza, kwa sababu hakuwa na desturi ya kuwauliza watu wa namna ile. Jioni walitokea kwenye dilungu, upande ambao hawakuutarajia, na asubuhi hapakuwa na maji. Kilichobaki kwenye vibuyu alipewa kwanza mama yangu, kwa sababu alikuwa akinyonyesha. Aliyekuwa akinyonya ni mimi. Huguette alifariki siku ya tatu alasiri, mahali ambapo mchanga unaanza, akiwa mapajani mwa mama yake. Kama wangekata kushoto pale kijitoni, saa ile wangekuwa wamekaribia kwa masista. Nimemwuliza kila mmoja aliye hai kati ya wale waliotembea, na wote wanasema hivyo, kila mmoja akitazama pembeni.

Walimzika kwa jembe moja na mikono. Kisha marehemu akakaa chini mchangani, akamwambia mke wake maneno ambayo hakuyarudia tena maishani: "Mama Valérie, peleka batu. Mi sijue tena."

Ndaya alisimama. Alikuwa amemzika mtoto muda mfupi uliopita na hakupewa nafasi ya kulia. Alitafuta ukingo wa miti, akafuata vichuguu, akawafikisha kwenye kijito chenye maji giza halijaingia, wakanywa. Tangu hapo alitangulia yeye, na marehemu alitembea hatua ishirini nyuma. Waliingia Fungurume tarehe 19 Septemba, na baada ya majuma mawili wakapata treni. Huo ndio uongo wa kwanza wa msalaba.

Familia ilikaa Mwene-Ditu, kule Kasai, miaka tisa. Walirudi Kolwezi mwaka 2002, wakaikuta nyumba yao imebaki kuta, hata fremu za milango hazikuwepo. Marehemu alipanga nyumba mtaa mwingine. Hapo ndipo alipoanza kuwa mtu mkubwa. Kwenye kila harusi na kila kilio aliombwa asimulie safari ya mwaka 1993, na alisimulia na chupa mkononi, na alimalizia daima kwa maneno yaleyale: "Nilibafikisha bote." Wote. Ndaya alikuwa hapohapo, akigawa chakula. Miaka yote alisikia neno hilo na kuendelea kugawa chakula, nasi wajukuu tukapiga makofi. Tulijua kwamba tuna mama mdogo aliyefia njiani. Hatukujua ni njia gani, na hatukuuliza, kwa hiyo dharau yangu naigawa vizuri, na fungu langu nalichukua.

Marehemu alianza kuugua Novemba 2018. Macho yaliziba kwanza, kisha upande wa kushoto ukalegea. Ndaya alimshika mkono kutoka kitandani hadi uani na kumrudisha, mara sita kwa siku, na marehemu alilalamika kwamba anamvuta. Mwezi Juni aliniita niandike wasifu wake, akanitajia tarehe zote bila kukosea, mpaka tukafika 1993, akasema niandike "bote". Nilimwuliza kuhusu Huguette. Aligeukia ukutani. Nilifikiri amelala, nikafunga daftari.

"Kule hakuna poto," akasema. Ndivyo tunavyoita nguzo. "Nitakuambia fasi gani?"

Hicho ndicho alichoweza. Mtu aliyejua nguzo elfu moja mia nane na kumi na saba kwa namba zake hakuwa na namba ya mahali pale, na kwa hiyo akapafanya pasiwepo. Nilitoka nje kwa hasira. Kesho yake nilirudi kumnyoa ndevu. Alifariki tarehe 3 Julai 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Sasa uongo wa pili. Juzi, tulipokuwa tumeushika msalaba, Tata Ntumba alitoa mfukoni ile orodha yake ya mwaka 1993, imekunjwa ndani ya plastiki, akatuonyesha: majina arobaini na moja, moja baada ya jingine. Ni orodha safi. Aliiandika siku ya kuondoka, na siku ya kufika hakuna aliyehesabu tena. Sisi tulikuwa tunataka tu mstari ule useme kwamba bibi ndiye aliyeongoza, tukidhani tunampigania. Ndaya aliomba asomewe maneno ya msalaba, akasikiliza mpaka mwisho. Hakujali nani aliongoza.

"Makumi ine na moja ndjo tulitoka," alimwambia Tata Ntumba. "Mutoto wangu, ulimuona wapi kule Fungurume?"

Tata Ntumba alikunja orodha yake. Alijaribu kusema kwamba msalaba umeshapakwa vanishi. Kisha yeye mwenyewe akamwita seremala.

Msalaba tumeuachia leo asubuhi. Mstari ule umekwanguliwa, na mtauona palipokwanguliwa, maana seremala hakuwa na muda wa kuficha. Chini ya jina la marehemu limechomwa jina la Huguette Kankolongo, 1982–1993, kwa sababu mama yake amesema yule mtoto hana msalaba kokote na hatakaa bila msalaba siku nyingine tena. Baba yake atalala chini ya jina ambalo kwa miaka ishirini na sita hakulitamka mbele ya watu. Sisi tunaona inamfaa.

Marehemu ameacha mjane, Mama Ndaya. Ameacha watoto watano: Valérie, Kalombo, Gracien, Tshibola na Dodo. Ameacha wajukuu ishirini na watatu, vitukuu wanne, na watu wa safari ile walio hai bado, ambao tumewahesabu jana kwa kuwaita mmoja mmoja: kumi na wanane.

Pumzika, bwana yangu. Ukimkuta Huguette, usingoje akusalimie. Anza wewe.