Maji ya Chai ya Rogathe

Mgeni rasmi, uongozi wa maabara, wakulima wetu wa tangawizi mlioteremka milimani alfajiri, na ninyi nyote mnaovumilia jua la Same: sisi wafanyakazi tunasema karibuni sana, na poleni na vumbi.

TULIKOTOKA

Maabara hii ilianzishwa kwa sababu tangawizi ilikuwa inaozea ardhini. Majani yananyauka, mkulima akichimba anakuta uji. Mharibifu ni bakteria asiyeonekana kwa macho. Tukaamua kumtia alama inayong'aa, tumwone anavyotembea ndani ya mmea.

Si kazi ya mchezo. Unamwosha kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake ukakusanywa, unamweka kwenye kichupa, unampiga umeme mkali kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ngozi yake inatoboka vitundu, alama inapenya, vitundu vinajifunga. Umeme ukizidi, anakufa.

KILICHOTUTOA JASHO

Miezi mitano, Mgeni rasmi, tulivuna cheche. Ukibonyeza kitufe, paa, kichupa kimepasuka na bakteria wote marehemu. Dokta Melkizedeki, kiongozi wetu wa utafiti, alibadili vichupa, akapunguza umeme. Wapi. Ikaja barua kwamba mashine hiyo ya umeme itahamishwa mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo anapoingia Rogathe Eliezeri, mhudumu wetu, anayefagia na kutupikia chai. Kwao ni Vudee, huko milimani, na kila Jumatatu hushuka na dumu la maji ya chemchemi, maana chai ya maji ya kisima chetu cha hapa bondeni haimpiti kooni. Wapare wenzake mnamwelewa. Asubuhi hiyo alikuwa anakwangua ukoko mweupe kwenye birika, akasikia paa nyingine. Akasimama mlangoni na kisu mkononi. Yeye ni wa darasa la saba, na mle ndani mlikuwa na madaktari wawili. Lakini aliona heri achekwe kuliko kunyamaza mashine ikiondoka.

"Dokta, samahani. Huo mtambo wenu wa kukeneka maji, ndani hauna ukoko kama wa birika hili?"

"Ukoko gani, mama?"

"Wa chumvi. Maji ya hapa yana chumvi, na ndiyo mnayowaoshea hao wadudu."

Dokta alicheka, kisha akaacha kucheka. Chumvi hupitisha umeme wote kwa mkupuo, na hilo sote tulilisoma chuoni. Mtambo ulipofunguliwa, ukoko ulikuwa unene wa kidole, na maji yakichemka yalirusha chumvi hadi upande wa maji safi. Kwa miezi mitano hakuna aliyewahi kuchungulia. Tulisugua, tukakeneka maji ya dumu la Rogathe, tukaosha bakteria upya. Jumatano kitufe kilibonyezwa, kimya. Alhamisi waling'aa kijani, na Dokta akalia mbele yetu bila aibu. Siku hiyo hatukunywa chai, maji yalikuwa yameisha, na hakuna aliyelalamika.

TUNACHOJIVUNIA

Mashine haikuondoka. Leo tunajua bakteria anajificha wapi kwenye mbegu, na wakulima wa vijiji sita wanajua mbegu ipi waitupe kabla ya kupanda. Tunatembea kifua mbele, hatufichi.

OMBI

Umeme hukatika, barabara ni mbovu, hayo tumeyazoea. Ombi letu ni moja. Mkataba wa Rogathe unaisha Ijumaa, kazi ya usafi inapewa kampuni. Tangu siku ile yeye ndiye anayekeneka maji yote ya maabara, na hatujasikia cheche tena. Tunaomba abaki, kwa cheo cha kazi anayoifanya. Tunaambiwa kanuni zinadai cheti cha kidato cha nne. Tunaambiwa pia kwamba kibali maalumu kinahitaji sahihi yako tu.

Ratiba imemweka jikoni. Kiti kitupu kilicho kushoto kwako hakimsubiri mgeni aliyechelewa, tumekiweka wenyewe. Chai iliyo mbele yako ameipika yeye, kwa maji yale yale. Ukishaionja, tunaomba umwite.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na akubariki wewe na wanao.

Ni sisi, wafanyakazi wote wa Maabara ya Tangawizi, Same, isipokuwa Rogathe, ambaye hajui kwamba tumeandika haya.